Waifai yetu ina wageni nisiowajua, na bando halifiki mwisho wa mwezi

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa Tabata, Dar es Salaam, mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto watatu. Sisi tunakaa nyumba ya mbele, uani kuna vyumba viwili tumepangisha. Kimoja anakaa mama mmoja, nitamwita Mama P., na kijana wake wa kidato cha pili.

Tuna ruta ya laini, ile ya kuchomeka kwenye umeme. Kila mwezi tunanunua bando la GB 120. Mwaka jana lilikuwa linafika mwisho wa mwezi na chenji inabaki. Tangu Mei linakatika tarehe 17 au 18, halafu tunaanza kuungaunga na vibando vya siku kwenye simu. Mume wangu anasema ni tamthilia zangu. Mjomba, natazama moja kwa siku, tena nikishamaliza kusahihisha madaftari.

Mwalimu mwenzangu wa TEHAMA alinielekeza jinsi ya kufungua ukurasa wa ruta kwa simu, kwa ile namba inayoanza na 192.168 iliyobandikwa chini yake. Nikakuta vifaa tisa. Nakuandikia kama vilivyo:

Galaxy-A14, hii ni yangu.
TECNO-SPARK, ya binti anayenisaidia kazi.
DESKTOP na namba fulani, ni laptopu ya mume wangu.
iPhone, namba yake inaanza na 0E.
iPhone tena, namba inaanza na 7A.
ESP_3F09A1.
Hon Hai.
android-5f3c na herufi nyingine nyingi.
Infinix-HOT.

Hapa kwetu mwenye iPhone ni mume wangu peke yake, na ana moja. Ndiyo ninayoijua mimi. Nilipomuuliza kama ana simu ya pili alicheka, na kile kicheko hakikunipendeza. Akitoka asubuhi zote mbili zinaonekana hazipo hewani.

Infinix tunaijua, ni ya kijana wa Mama P. Na ushahidi ninao. Jumamosi saa mbili na nusu usiku tunaangalia taarifa ya habari, runinga ikaiacha yenyewe ikaanza kupiga video ya singeli, na uani nikasikia watoto wanacheka. Tangu siku hiyo Mama P. simsalimii, na nimefikiria kulipeleka suala hili kwa mjumbe, maana huu ni wizi kama wizi mwingine.

Ukurasa ule unaonyesha pia kila kifaa kimetumia kiasi gani tangu bando lianze. Vingi viko chini ya GB 15. Infinix imepakua GB 3. Hicho cha android-5f3c ndicho kimenitisha: kimepakua GB 14 na kupakia GB 47. Ni nani huyu? Sisi hatuna vitu vingine vya maana humu ndani, labda taa ya barazani ambayo mume wangu anaiwasha kwa simu, PlayStation 4 ya mtumba ya watoto, na kile kiboksi cha runinga alichotuletea shemeji wakati wa Pasaka. Ruta yenyewe inarusha majina mawili, moja lina 5G mwishoni, mengine ya kitaalamu siyajui.

Nataka kujua hawa ni akina nani, kama wanaweza kusoma WhatsApp yangu au kuingia kwenye pesa zangu za simu, na kama naweza kuona huyo kijana anafungua nini. Na je, nimshtaki?

Mama wa Watatu, Tabata.

*

Marahaba, mwalimu. Pole kwa bando, na pole kwa hizo salamu zilizokatika uani.

Nianze na mume wako. Umempitisha katikati ya barua kana kwamba ni jambo la pembeni, lakini naona hapo ndipo usingizi ulipokatikia. Hizo iPhone mbili, kwa kila dalili uliyonipa, ni simu moja.

Kila kifaa kinachoingia kwenye waifai hujitambulisha kwa anwani ya MAC, jozi sita za tarakimu na herufi. Zamani anwani hiyo iliwekwa kiwandani na kifaa kilizeeka nayo. Jozi tatu za mwanzo zilimtaja aliyekitengeneza, kwa sababu taasisi ya wahandisi iitwayo IEEE ndiyo inayozigawa kwa makampuni. Sasa, anwani isiyobadilika ni rahisi kuifuatilia: wenye maduka makubwa na viwanja vya ndege waliweza kujua simu ile ile imepita mara ngapi na imesimama wapi. Ndipo watengenezaji wa simu wakabadilisha utaratibu. Android tangu toleo la 10 la mwaka 2019, na iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020, simu hujibunia anwani ya bandia, na hubuni tofauti kwa kila jina la waifai inaloingia.

Ruta yako ina majina mawili, umesema mwenyewe. Baba watoto akiwa sebuleni karibu na ruta, simu inashika lile lenye 5G. Akiingia chumbani inarudi kwenye lile la kawaida. (Hiyo 5G haihusiani na minara ya simu, ni mawimbi ya gigahezi 5, yana kasi lakini kuta hayaziwezi.) Simu moja, majina mawili ya waifai, anwani mbili, na ruta inaandika wageni wawili. Tena kuna alama inayoonyesha anwani ni ya kubuni: tazama herufi ya pili ya ile jozi ya kwanza. Ikiwa ni 2, 6, A au E, basi simu imeitunga. Wewe una 0E na 7A. Zote mbili za kutungwa.

Ukitaka kuhakikisha, usimvizie. Mwombe afungue mipangilio ya waifai kwenye iPhone yake, aguse ile alama ya i kando ya jina la mtandao, atakuta anwani ya waifai imeandikwa. Aunganishe jina la kwanza msome, kisha la pili msome. Zikiwa ndizo 0E na 7A, mada imefungwa, na umdai soda kwa kukucheka badala ya kukueleza. Kitu pekee ambacho kingenibadilisha mawazo ni kuziona zote mbili ziko hewani na zinakula data muda mrefu kwa wakati mmoja, kwa sababu simu moja haikai kwenye waifai mbili. Dakika chache nisingezihesabu, ruta nyingi huchelewa kufuta jina la aliyeondoka.

Hayo ya nyumbani yakiisha, tuje kwenye wageni wengine. Umeandika "hatuna vitu vingine vya maana," kisha ukavitaja vitatu kwa pumzi moja, na hivyo vitatu ndivyo unavyovitafuta.

ESP_3F09A1 ni taa yako ya barazani. Espressif ni kampuni ya Shanghai inayotengeneza vijichipu vya waifai vya bei ndogo, na vijichipu hivyo vimo kwenye taa, soketi na swichi nyingi zinazoendeshwa kwa simu. Izime kwenye swichi ya ukutani uone kama jina halitapotea. Hon Hai ni ile kampuni ya Taiwan ambayo wengi wanaijua kwa jina la Foxconn. Haiuzi kitu kwa jina lake mwenyewe bali inawatengenezea wengine, na sehemu ya waifai ya PlayStation 4 mara nyingi hujitambulisha hivyo. Watu wengi wameliona jina hilo kwenye ruta zao wakadhani Mchina fulani kawaingilia, kumbe ni gemu la watoto.

Imebaki android-5f3c. Simu za Android za miaka hii hazijiiti hivyo tena. Wewe mwenyewe umeona zinavyosema Galaxy, TECNO, Infinix. Jina la android likifuatiwa na msururu wa herufi ni la mifumo ya zamani, na leo hii unalikuta zaidi kwenye viboksi vya runinga vya bei rahisi. Shemeji alikileta Pasaka. Bando lilianza kukatika Mei. Na hicho kifaa peke yake kimebeba GB 61 kati ya 120, zaidi ya nusu.

Lakini mimi sitishwi na 61. Ninachokitazama ni mgawanyo wake. Mtu akitazama mpira au tamthilia, data inaingia ndani: anapakua. Netflix wenyewe wanakadiria hadi GB 1 kwa saa kwa picha ya kawaida, hadi GB 3 kwa picha ang'avu na hadi GB 7 kwa ile ya 4K. Kinachotoka nje wakati huo ni kidogo mno, maombi mafupi ya "nipe kipande kinachofuata." Kwa hiyo boksi lililopakua GB 14 lilipaswa kupakia kiasi kisichofika hata GB moja. Lako limetoa 47. Kwa siku 17 hizo ni karibu GB 3 kila siku zinazotoka nyumbani kwako kwenda kusikojulikana, na wewe ndiye unayezilipia.

Vipo vitu vya halali vinavyopakia sana. Kamera ya ulinzi inayotuma picha mtandaoni bila kupumzika, hata kwa kasi ndogo ya megabiti 1 kwa sekunde, inafikisha GB 10.8 kwa siku. Simu inayohifadhi picha na video zako mtandaoni nayo hupakia. Kiboksi cha runinga hakina kamera wala albamu ya picha za harusi. Hakina cha kupeleka.

Suala la viboksi hivi lina historia. Januari 2023 mtaalamu mmoja wa usalama wa mifumo, Daniel Milisic, alieleza hadharani jinsi boksi aina ya T95 alilolinunua mtandaoni lilivyomfikia likiwa tayari na programu hasidi ndani yake. Hakuiweka yeye wala hakubofya kiungo cha ajabu, lilizaliwa nayo. Oktoba mwaka huo kampuni ya HUMAN Security ikachapisha uchunguzi wa mtandao mzima wa vifaa vya namna hiyo, wakauita BADBOX. Juni 2025 FBI ya Marekani ikatoa tahadhari kwa umma juu ya toleo la pili, BADBOX 2.0, na Julai Google wakafungua kesi New York dhidi ya wanaouendesha, wakisema umeshika vifaa zaidi ya milioni 10 ambavyo havijathibitishwa nao.

Kazi kubwa ya boksi la aina hiyo ni kuukodisha mlango wako. Mtu aliye mbali, anayetaka kubofya matangazo kwa udanganyifu au kujaribu nywila za watu, hapendi ionekane ametokea kwake. Anapita kwenye boksi lako. Data inatokea kwako, na huko inakofika inaonekana imetoka kwenye intaneti ya mwalimu wa Tabata. Laini iliyo ndani ya ruta yako imesajiliwa kwa alama za vidole vya mtu, ama zako ama za mumeo. Hilo ndilo ningelipeleka mbele kabla ya singeli.

Hata hivyo sijaliona boksi lako, na sitaki ulihukumu kwa barua. Lipime. Usiku wa kwanza, mkienda kulala, zimeni waifai kwenye simu zote, PlayStation na laptopu zizimwe kabisa, boksi liacheni kama mnavyoliacha siku zote: runinga imezimwa, kile kitaa cha boksi kinawaka. Andika kwenye daftari kiasi kilichopakiwa kwa jumla saa tano usiku, na uandike tena saa kumi na moja alfajiri. Usiku wa pili fanya vilevile, ila boksi lichomolewe kwenye soketi. Kulizima kwa rimoti hakuhesabiki, maana hapo linasinzia tu na waifai yake inabaki kazini. Usiku wa kwanza ukionyesha mamia ya MB yametoka na wa pili ukaonyesha kidogo sana, huhitaji mtaalamu wa kukutafsiria. Jambo moja: kwa siku hizo mbili usibadilishe nenosiri la waifai. Ukianza kwa kubadilisha, boksi litakatika pamoja na wengine wote na hutajua ni nani aliyekuwa anakula.

Wakati unasubiri, lichunguze kwa macho. Lina jina la kampuni ambayo unaweza kuipata ukiitafuta, au limeandikwa tu 4K na maneno ya kusifu? Lilipowashwa mara ya kwanza, liliwataka mzime ulinzi wa Play Protect? Duka lake la programu ni Play Store ya kweli, au ni soko ambalo hujawahi kulisikia? Kama ni Play Store, ingia kwenye mipangilio yake, sehemu inayoeleza habari za programu, utaona kama kifaa kimethibitishwa. Na je, liliuzwa kwa ahadi kwamba chaneli zote za kulipia humo ni bure? Hakuna anayekupa ligi zote za Ulaya bure kwa upendo.

Likithibitika, lichomoe na lisirudi kwenye waifai. Usihangaike na kulirudisha kwenye hali ya kiwandani, kwa sababu tatizo lenyewe limetoka kiwandani. Usimpe jirani, usiliuze. Na shemeji umwambie ukweli kwa heshima, alileta zawadi kwa moyo mweupe, na kuna uwezekano mkubwa lingine kama hilo liko kwake linafanya kazi ile ile.

Sasa hizo GB 59 zilizobaki. Hapa mume wako ana haki kidogo, ingawa si kwenye tamthilia. Simu zetu zimetengenezwa na watu ambao nyumbani kwao waifai haina kipimo. Wanalipa kwa mwezi na kutumia watakavyo. Kwa hiyo simu ikiona waifai inaamini ni ya bure, inaachia kila kitu ilichokuwa inajizuia. WhatsApp inapakua kila video ya kila kundi, pamoja na zile za "sambaza kwa watu kumi." Play Store inaleta masasisho ya programu ambazo hujazifungua tangu mwaka jana. Laptopu yenye Windows inavuta sasisho la GB kadhaa katikati ya usiku. Simu haijui kwamba nyuma ya waifai hiyo kuna laini yenye bando.

Iambie. Kwenye Android fungua mipangilio ya mtandao huo wa waifai, tafuta sehemu inayouliza kama mtandao una kipimo, uchague kwamba unacho. Windows nayo ina kitu hicho hicho. Kwenye iPhone, palepale kwenye ile alama ya i, kuna hali ya kutumia data kidogo; iwashe. WhatsApp, kwenye sehemu ya hifadhi na data, ondoa video kwenye vitu vinavyojipakua ukiwa kwenye waifai. Hili nimewaambia wasomaji wengi na wengi hulipuuza kwa kuwa halina mwizi ndani yake. Wewe lifanye kwenye simu zote, hata ya binti wa kazi, kabla hujanunua bando lijalo.

Kuhusu hofu yako ya WhatsApp na pesa. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa kutoka simu hadi simu tangu 2016; aliye kwenye waifai yako haoni ulichoandika. Programu za benki nazo hufunga mazungumzo yake. Na ukitumia pesa za simu kwa ile menyu ya nyota mia na hamsini, humo waifai haipiti kabisa, hiyo inakwenda moja kwa moja kwenye mnara. Anachoweza mgeni ni vitu vya humu ndani: kurusha video kwenye runinga, kama ulivyoona, na kufungua ukurasa wa ruta kama nenosiri lake bado ni admin kwa admin. Nakuomba ukalitazame hilo leo. Kijana anayejua kurusha singeli anajua pia kuandika 192.168.

Naye sasa tumjadili. Ndiyo, yumo, na hukukosea. Lakini amepakua GB 3 kati ya 120, na bando lenu lingekatika tarehe ile ile kwa tofauti ya saa chache. Uliyemnyima salamu si yeye aliyekufilisi.

Kisha jiulize aliingiaje. Kidato cha pili kuvunja nenosiri la waifai si jambo la kila siku. Tangu Android 10, simu yoyote iliyomo kwenye mtandao inaweza kuonyesha msimbo wa QR, wa pili anaupiga kwa kamera na ameshaingia, bila mtu kutaja herufi hata moja. Una watoto watatu na wanacheza pamoja uani. Niwie radhi, lakini ningeanzia mezani kwenu kabla ya kwenda mlangoni kwa Mama P. Waulize kwa sauti ya kawaida, ukianza na fimbo hutaambiwa kitu.

Kwa mjumbe usiende. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, na kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa, lakini kama mlango ulifunguliwa na mwanao mwenyewe utajikuta unaeleza mambo ambayo hukuyapanga. Mwite Mama P., msalimie kwanza, mwambie bando linaisha mapema na umeona simu ya kijana kwenye ruta, hivyo unabadilisha nenosiri. Basi. Akitaka kuchangia bando, mwaweza kukubaliana; ruta nyingi zina waifai ya wageni yenye jina na nenosiri lake, na wengine hata huwekea kikomo cha kasi. Wapangaji wengi wanaishi hivyo na hakuna anayemvizia mwenzake.

Kuona anachofungua, jibu fupi ni kwamba ruta kama yako ikijitahidi sana itakuonyesha majina ya tovuti, si yaliyomo. Ningekushauri uiache. Ni mtoto wa mtu mwingine.

Siku ya kubadilisha nenosiri, fanya kwa utaratibu huu. Anza na nenosiri la ukurasa wenyewe wa ruta. Kisha zima WPS, ile njia ya kuunganisha kwa kitufe au kwa namba nane; mwaka 2011 ilionekana kwamba ruta hukagua namba hizo kwa mafungu mawili, kwa hiyo anayebahatisha anahitaji majaribio 11,000 tu badala ya mamilioni, na programu za kufanya hivyo zipo bure. Halafu ndipo uweke nenosiri jipya la waifai, refu, lisilo na jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa. Vifaa vyote vitatupwa nje. Rudisha kimoja kimoja ukiwa na ukurasa wa ruta wazi, na kila kinapoingia kipe jina la Kiswahili palepale: simu ya mama, taa ya baraza, gemu. Taa na gemu ziweke kwenye waifai ya wageni, hazina sababu ya kukaa chumba kimoja na laptopu ya kazini. Usijisumbue na kuzuia watu kwa anwani za MAC. Kama nilivyokueleza, simu ya leo inajibunia nyingine.

Na msimbo wa QR, waambie watoto kwamba kuutoa kwa mtu ni sawa na kutoa ufunguo wa geti. Watasahau, utawakumbusha.

Ukishapima hizo siku mbili, niandikie tena namba za saa tano na za alfajiri, pamoja na chochote kilichoandikwa chini ya boksi. Kama usiku wa pili napo GB zitakuwa zimetoka wakati boksi limechomolewa, tutaigeukia laptopu.

Mjomba.